Baiskeli ya Zamani, Gia Zake na Haki ya Mnunuzi

Leo tuzungumze biashara ndogo inayofanyika kila siku mitaani kwetu, nayo ni kuuza baiskeli iliyokwisha kutumika. Ninayo moja ninayoiuza, haibridi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyoingia nchini kama mtumba kutoka Ulaya. Tangu niseme inauzwa, kila anayekuja kuitazama ananipa ushauri uleule. Anaisifu fremu, anabonyeza siti, ananyanyua gurudumu la nyuma na kulizungusha, kisha anainama kuangalia sproketi tatu za mbele na saba za nyuma. Hapo ndipo anaponiambia: "Kaka, hizi gia ng'oa, bakiza moja tu. Itaondoka leo leo."

Nimekataa kuzing'oa. Baiskeli ya gia moja sina ugomvi nayo. Imebeba mizigo na familia za nchi hii kwa miaka mingi, nami naiheshimu. Nimekataa kwa sababu uamuzi huo si wangu. Ni wa mtu atakayeipanda. Yeye ndiye anayejua njia ya kwao ina milima au ni tambarare, atabeba nini kwenye keria, na fundi wake ana vifaa gani. Muuzaji anayeharakisha kubadilisha baiskeli ili ipendeze machoni anamwamulia mwenzake jambo asilolijua. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame vizuri jioni hii.

Kwanza tuijue baiskeli yenyewe. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ya Marekani ilitoa Stumpjumper, na baiskeli za milimani zikaanza kuuzwa kwa wingi madukani. Watu walizipenda kwa usukani wake ulionyooka, uliomfanya mpandaji akae wima na kuona mbele, na kwa gia zake nyepesi. Lakini wanunuzi wengi hawakuwa na mlima wowote wa kupanda. Walikuwa wakienda kazini na sokoni, na yale matairi manene yenye vinundu yaliwachosha kwenye lami. Basi kufikia mwisho wa miaka ya 1980 viwanda vikachanganya mambo: vikachukua magurudumu makubwa na membamba ya baiskeli za barabarani, yale yaliyoandikwa 700C ubavuni mwa tairi, vikayafunga kwenye fremu yenye usukani ulionyooka na gia za mlimani. Trek, ya mji wa Waterloo katika jimbo la Wisconsin, iliziita za kwake MultiTrack. Kampuni nyingine nazo zikatoa zao, na aina nzima ikajulikana kwa jina la haibridi.

Fremu nyingi nzuri za wakati ule zilitengenezwa kwa kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Bomba lake ni jembamba, jepesi na gumu, na likipata ufa fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kulitibu. Nyingi zina matundu ya kufungia keria na madigadi tangu kiwandani. Kwa mtu wa kwetu anayetaka chombo cha kwendea kazini, na wakati mwingine kubebea gunia dogo au mtoto wa shule, hii ni mali. Ndiyo maana inaniuma kuziona zikiharibiwa kwa spana ya haraka.

Sasa tuje kwenye gia. Baiskeli yangu ina sproketi za mbele zenye meno 28, 38 na 48. Nyuma kuna meno 13, 15, 17, 19, 21, 24 na 28. Tatu mara saba ni 21, na muuzaji yeyote atakuambia hiyo ni baiskeli ya gia 21. Tufanye hesabu kidogo. Ukiweka cheni kwenye meno 38 mbele na 19 nyuma, kila ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili kamili. Ukiihamishia kwenye 48 mbele na 24 nyuma, gurudumu linazunguka mara mbili kamili vilevile. Gia ni ileile moja, imehesabiwa mara mbili. Chukua tena 38 na 15, ukailinganishe na 48 na 19: tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba mguu hauioni. Ukiondoa zinazojirudia, gia zilizo tofauti kweli ni kama 12 au 13. Kwa hiyo anayesema zimezidi ana hoja, nami nakubaliana naye hapo.

Lakini thamani ya mfumo huu imo katika upana wake, kutoka gia nyepesi kabisa hadi nzito kabisa. Gurudumu la 700C lenye tairi la wastani likizunguka mara moja hutembea karibu mita 2.2. Kwenye gia nyepesi kabisa, meno 28 mbele na 28 nyuma, pedali moja inakupeleka umbali huo tu. Kwenye nzito kabisa, 48 na 13, pedali moja inakupeleka karibu mita 8. Ya kwanza ni ya kupandia mlima ukiwa na mzigo bila kuumiza magoti. Ya pili ni ya mteremko na barabara iliyonyooka wakati upepo unakusukuma mgongoni.

Mabadiliko yanayofanywa sana ni mawili. La kwanza ni kubakiza sproketi moja mbele na kuziacha zote za nyuma. Kwa baiskeli kama hii kinachobaki ni ile ya katikati, yenye meno 38. Kubwa na ndogo zinatoka, pamoja na kihamisha cheni cha mbele, waya wake na kishikio chake cha upande wa kushoto. Mpandaji anabaki na kishikio kimoja, na mambo yanakuwa mepesi kuelewa. Je, amepoteza nini? Amepoteza gia tatu nyepesi za chini na mbili nzito za juu. Pedali moja sasa inampeleka kati ya mita 2.9 na mita 6.3 hivi. Kwa mkazi wa Ilala anayekwenda Kariakoo, au mtu wa Tabora mjini, hiyo inatosha na inabaki.

Kazi hiyo ina mambo mawili ambayo fundi asipoyajali atakurudisha kwake kila wiki. Skrubu zinazoshika sproketi zikiwa mbili pamoja ni ndefu mno kwa sproketi moja. Zikirudishwa zilezile hazikazi, na sproketi inaanza kucheza. Pili, kile kihamisha cheni cha mbele kilikuwa pia kikiizuia cheni isiruke. Kikitoka, cheni inaweza kudondoka kwenye shimo la kwanza barabarani. Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ya Chicago ilileta dawa ya tatizo hili katika mfumo wake wa XX1: sproketi ya mbele ambayo jino moja ni nene na la pili ni jembamba, kwa kufuatana. Ukiitazama cheni kwa karibu utaona sababu, kwani pingili zake nazo zinapishana hivyohivyo, moja pana na moja nyembamba. Kila jino linajaza nafasi yake na cheni inashikika. Siku hizi sproketi za namna hiyo zinatengenezwa hata za kufunga kwenye krenki za zamani, mradi upime kwanza umbali wa matundu ya skrubu.

Badiliko la pili ni kubakiza gia moja tu, mbele moja na nyuma moja. Hili ndilo wanalonishauri wengi, na lina sifa zake. Cheni inakwenda moja kwa moja, haikati kona, inadumu. Hakuna waya wa gia wa kukatika. Matope hayana pa kujificha. Kwa Shinyanga, kwa Unguja, kwa sehemu kubwa ya Dar es Salaam, mtu anaweza kuishi na gia moja maisha yake yote. Meno 38 mbele na 17 nyuma yanampeleka karibu mita 4.8 kwa kila pedali, kiasi kizuri kwa njia tambarare.

Tatizo liko mahali ambapo mnunuzi hapatazami, kwenye mkato wa fremu unaoshika ekseli ya gurudumu la nyuma. Kwenye Phoenix na baiskeli nyingine nyingi za gia moja mkato huo umelala, kwa hiyo cheni ikilegea unalivuta gurudumu nyuma kidogo, unakaza nati, safari inaendelea. Haibridi nyingi zina mkato uliosimama. Gurudumu linaingia kutoka chini na kukaa pale pale, halivutiki. Hapo fundi hujaribu kukata cheni ifikie, lakini cheni ya kawaida hukatwa kwa jozi, pingili pana na nyembamba pamoja, inchi nzima kwa mara moja. Matokeo yake huwa cheni iliyolegea, inayochomoka katikati ya makutano huku daladala zikikujia, au iliyokaza mno, inayotafuna goroli za habu na za krenki. Ipo njia ya nafuu: kihamisha cheni cha nyuma kibaki mahali pake, bila waya, kikazwe kwa skrubu yake kisimame kwenye sproketi moja. Chenyewe kinavuta cheni na kuishika. Hakigharimu kitu, kwa sababu tayari unacho.

Ubishi huu wa gia moja au gia nyingi ni wa zamani. Mbio za Tour de France zilianza mwaka 1903, lakini waendeshaji hawakuruhusiwa kutumia vihamisha cheni hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo mtu alifika chini ya mlima, akashuka, akaligeuza gurudumu la nyuma lenye sproketi tofauti upande wa pili, ndipo akaendelea. Hao walikuwa wanaume wenye miguu ya kazi hiyo, na bado walihitaji namna ya kubadilisha gia wakifika mlimani. Basi mama anayepanda kutoka sokoni Lushoto, au kijana anayetoka shule juu ya vilima vya Mwanza au Mbeya, tuna sababu gani ya kumnyang'anya gia zake tatu nyepesi kabla hajafika hata kuinunua baiskeli?

Suruali ya mtumba ikiwa ndefu, fundi cherehani ataipunguza kwa kipimo chako. Ikiwa imekwisha kukatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, huna la kufanya. Ndivyo ilivyo kwa baiskeli ya gia. Atakayeinunua ikiwa kamili anaweza kuipunguza kesho kutwa kwa kazi ya saa chache. Atakayeinunua ikiwa imekatwa, na vifaa vilivyotoka vimekwisha kuuzwa chuma chakavu, atatafuta kihamisha cheni, kishikio, waya na sproketi, kimoja kimoja, kwa bei ya kimoja kimoja.

Tena mara nyingi baiskeli inahukumiwa kwa kosa la waya. Mtu anabonyeza gia, haiingii, anasema mfumo umekufa. Waya wa miaka 30 umeota kutu ndani ya mpira wake, hauwezi kuteleza. Badilisha waya na mpira, vitu vya bei ndogo kuliko vyote hapo, kisha ujaribu tena. Na mfumo wa gia saba nyuma hauna shida ya vipuri kwetu, kwa kuwa baiskeli za milimani za bei ya chini zilizojaa madukani zinatumia cheni na waya wa aina hiyohiyo. Ukikimbilia mfumo wa kisasa wa sproketi 11 au 12, ndipo utakapohangaika siku cheni ikikatika.

Sasa nizungumze na wewe unayeuza. Waswahili tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Baiskeli nzuri itajiuza kwa ukweli wake, na ukweli huo unaweza kupimwa mbele ya mnunuzi. Chukua tepu ya chuma ya fundi seremala, ile yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, vuta tepu hadi inchi 12. Cheni mpya ina pini moja kila nusu inchi, kwa hiyo pini ya 24 baada ya ile ya kwanza itakaa juu kabisa ya alama ya 12. Ikiwa imepita alama hiyo kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni imechoka, ibadilishwe sasa ili sproketi zipone. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya 8, imekwisha kuzila sproketi za nyuma, na cheni mpya ikifungwa juu yake itaruka meno ukikanyaga kwa nguvu. Hapo mnunuzi anapaswa kujua kwamba atanunua cheni na sproketi pamoja, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Kipimo hiki kinachukua dakika moja na hakidanganyi. Rangi mpya na oili juu ya cheni haviwezi kukificha.

Kisha shika mkono wa krenki, uutikise kushoto na kulia, kuelekea fremu na kutoka kwenye fremu. Mikono yote miwili ikitikisika pamoja, goroli za ndani zimelegea. Zinakazika au zinabadilishwa. Mkono mmoja tu ukicheza peke yake, umelegea kwenye ekseli yake, na kama umepandwa hivyo kwa muda, tundu lake la pembe nne limekwisha kupanuka. Mkono huo haukai tena hata ukiukaza namna gani. Mwambie mnunuzi.

Mwisho, gurudumu la nyuma. Kuna habu za aina mbili. Nyingine sproketi zake zimo kwenye friwili inayofungwa kwa nyuzi juu ya habu. Nyingine zina kaseti inayochomekwa kwenye habu yenye friwili yake ndani. Kwa macho zinafanana, kwa mzigo zinatofautiana sana. Kwenye friwili ya sproketi saba, goroli za upande wa kulia zinakaa mbali ndani, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kuegemea kitu. Ukipakia magunia, ekseli hiyo ndiyo inayopinda au kukatika. Habu ya kaseti imesogeza goroli hadi karibu na fremu, ikaondoa udhaifu huo. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka kubeba mkaa au kreti za soda anastahili kuambiwa habu ni ya aina gani, kuliko kuambiwa idadi ya gia. Mwambie pia kama ekseli imenyooka au la.

Na wewe mnunuzi, usione haya kuomba maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fremu nyingi zina namba iliyogongwa chini, pale krenki inapopita; igeuze baiskeli, iandike namba hiyo kwenye karatasi ya mauziano, pamoja na jina la muuzaji, tarehe, bei na sahihi ya shahidi. Ukiweza, pitieni ofisi ya serikali ya mtaa. Siku baiskeli ikiibiwa, au mtu akidai ni yake, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika amekuonyesha mapema unashughulika na nani.

Kwa mafundi nina ombi moja, nanyi najua mnavyoifanya kazi hii ngumu juani, chini ya mwembe, na vifaa vichache. Mteja akikuletea baiskeli akasema "toa gia", muulize kwanza anakaa wapi na anabeba nini. Mwonyeshe mkato wa ekseli yake. Akishikilia, mfanyie kazi yake vizuri, kisha vile ulivyovitoa vifunge kwenye mfuko na kumkabidhi. Ni vyake.

Baiskeli yangu itauzwa ikiwa na gia zake zote, waya mpya, na kipimo cha cheni kilichoandikwa kwenye karatasi ya mauziano. Akija mtu wa Tegeta akasema anataka moja tu, nitamwambia faida na hasara zake, nami nitaandamana naye hadi kwa fundi. Akija mtu wa Mbeya, nitamsihi aziache. Bei inaweza kuchelewa kidogo kupatikana kwa njia hii, lakini wiki ijayo nitakapokutana naye barabarani, tutasalimiana. Ndugu msikilizaji, tufanye biashara za namna hiyo.